Wendell kahamia, bima imepanda

Shosti, bado niko jikoni, nimeduwaa.

Si unajua Wendell kahamia kwangu Jumamosi? Leo nikampigia Marlene, wakala anayekatia bima magari ya mji mzima, nikaweka spika, Wendell kakaa pembeni. Watu wa bima wanataka kila mtu mzima anayeishi nawe aandikwe kwenye bima yako, hata kama hagusi usukani wako.

Marlene akasema haya, ila bima yangu itapanda karibu mara mbili. Eti Wendell ana historia ya kugonga.

Nikamgeukia. "Umegonga nini wewe?"

"Vitu vidogo vidogo tu, mpenzi."

"Kanisa," Marlene akasema.

Kanisa, shosti. KANISA.

Mwanamume akainamia simu bila haya: "Bi Marlene, mimi hapa nimepita tu. Naishi kwa mama."

Amepita tu! Kitanda changu anakilalia kimshazari, na viatu vyake vya kuvulia samaki viko bafuni kwangu.

Marlene akamjibu taratibu kabisa: "Wendell, mwanangu, mama yako alinipigia leo asubuhi. Kakutoa kwenye bima yake. Alikuwa anaimba."