Aya ya Pili

2 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu ndilo linalolalamika ngazi zikizidi kumi. Wewe je? Bado hospitali wanakupanga zamu kana kwamba muuguzi ni wewe peke yako?

Karatasi ulizotuma zimefika. Jana nilizitia kwenye mkoba wangu wa kazi nikaenda nazo mtaa wa mahakama, kama ulivyoagiza. Sijakanyaga kule tangu nistaafu ukarani, miaka sita sasa. Mtaa ule bado mtaa! Nilianzia lango la chini nikapanda taratibu. Mchonga mihuri yupo palepale, miwani kaifunga kwa uzi. Mshona majoho alinikalisha, akanionyesha joho la jaji mmoja lililoliwa na nondo mpaka mgongoni, akanibana nisimtaje mwenyewe. Wapiga chapa wamebaki wanne chini ya matao, na bado wanagombea kivuli. Nikasoma vibao vya mawakili mlango kwa mlango. Nusu ni watoto wa wale niliowajua. Nilipofika masijala, dirisha lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Nikarudi nyumbani.

Simu sipokei, unajua. Mtu anapiga bila hata kubisha hodi.

Baba yako.

6 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi sijambo, ila barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Sikukutuma kutembea, Baba. Nilikutuma kuapa! Yule wakili kijana wa ghorofa ya kwanza kaandaa kila kitu. Unaingia, unainua mkono, unasoma hati kwa sauti, unatia saini, anagonga muhuri, unavuka ua na kuikabidhi masijala. Nusu saa, hata kwa goti lako. Mahakama inataka kiapo cha mume, si cha binti, la sivyo ningekuja mwenyewe. Ikipita tarehe 31 bila hati hiyo, Mjomba anakabidhiwa nyumba ya Mama kama alivyoomba, na wewe utaishi humo kwa hisani yake. Mjomba! Mtu anayehesabu vijiko wageni wakiondoka. Chonde chonde, usinizungushe.

Mwanao.

11 Machi

Mwanangu,

Salamu, na pole kwa hasira. Huku kwema.

Nimekwenda tena, mara mbili. Mara ya kwanza niliwakuta vijana wa masijala wanashona majalada, fundo wanalifunga kwa mbele! Fundo linakaa nyuma, kila mtu anajua, la sivyo jalada halifunguki vizuri mbele ya jaji. Ningepitaje? Niliwafundisha mpaka wakafunga ofisi. Mara ya pili nilikuta wageni wanatembezwa na jamaa mwenye mwavuli, anawaambia ule mlango mdogo ulikuwa wa wafungwa. Uongo mtupu. Ulikuwa wetu makarani, wa kutorokea chai. Nikamsahihisha, wageni wote wakanifuata mimi. Nikawapitisha maktaba, kisimani uani, na kwenye lile benchi ambalo mawakili wamelisugua kwa makalio wakingoja hukumu. Walinipigia makofi. Mwenye mwavuli alinuna.

Huyo wakili wako ana haraka mno. Nitarudi.

Baba yako.

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Hali yangu usiiulize.

Nimempigia wakili. Anasema hukwenda mara mbili, umekwenda kwake mara nne. Kila mara anakupa kiti na maji. Unavaa miwani, unasoma aya ya kwanza vizuri tu, unafika ya pili, unavua miwani, unasema umesahau kitu huko chini. Halafu anakuona dirishani unatembea, mikono mgongoni, unasoma vibao!

Na jirani ameniambia Mjomba alikuja juzi ulipokuwa kwenye matembezi yako, akapima madirisha ya sebuleni kwa ajili ya mapazia. Mapazia, Baba. Unanitia wazimu. Umeapisha watu miaka thelathini na minane, leo mwenyewe kuapa kunakushinda? Una nini? Nijibu swali hilo tu, habari za mshona majoho sizitaki.

Mwanao.

19 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima.

Aya ya pili inanitaka niseme kilichompata mama yako. Kwa sauti, mkono juu. Neno hilo sijalitamka tangu siku ile. Mazishini walilisema wengine. Watu wakimuulizia nasema hayupo, kama mtu aliyetoka kidogo.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaamuru watu: inua mkono, sema, sauti isikike. Mjane mmoja alinyamaza mbele yangu, nikamgongea kalamu mezani, nikamwambia foleni ni ndefu. Nilimwambia hivyo, mwanangu. Wewe umeniudhikia, lakini hujanifikia mimi ninavyojiudhikia. Kila siku napanda mtaa nimejiandaa, nafika mlangoni miguu inageuka.

Baba yako.

23 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nilikuwa nimeshaanza barua ya kukufokea, nimeichana.

Nimeomba ruhusa nije tupande pamoja. Nimenyimwa. Nimeomba tena, nikanyimwa kwa maandishi. Huyu msimamizi wa wodi sijui nimemkosea nini. Kwa hiyo itabidi uende peke yako, na inaniuma kukuandikia hivyo. Tembea uchoke, kibao usibakishe, lakini mwisho uingie. Sema kwa kutetemeka, sema vibaya, rudia mara kumi ukitaka. Hasira bado ninazo, usidhani. Ila nilidhani unanikwepa mimi.

Mwanao.

30 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu. Goti linauma, kwa sababu leo nilipanda bila kupumzika. Mshona majoho aliniita, nikampungia tu.

Niliinua mkono. Nikasoma ya kwanza, nikasoma ya pili. Wakili akasema, “Samahani mzee, sikukusikia, naomba urudie.” Nilitaka kumrushia kiti. Nikarudia, na hapo nikalia, naye akafunga mlango akaningoja. Tulimaliza aya zote saba. Masijala wamegonga muhuri saa tano na robo, nakala yako hii hapa. Mapazia Mjomba atayatundika kwake.

Wakati nashuka nilikumbuka jambo. Habari ile uliipata kwa Mjomba, kwa simu, ukiwa kazini. Ulipofika nilikupokea mzigo, nikakuuliza kama umekula. Hadi leo sijakwambia kwa kauli yangu, na ilikuwa kazi yangu, si ya Mjomba.

Mwanangu, mama yako amefariki. Alifariki siku ya Jumanne, asubuhi, nikiwa nimemshika mkono.

Baba yako.