Mtungi Wenye Majivu

Mpendwa Kogo, nyanya yangu,

Jino la mbele la Cherop limeng'oka, wiki ya tatu sasa. Alilisukuma kwa ulimi akila mahindi ya kuchemsha, akalirusha juu ya paa kama ulivyonifundisha mimi zamani, kisha akaniuliza, "Ingine inakuja lini?" Tangu siku hiyo situlii. Asubuhi kabla sijavaa viatu vya shule namwambia afungue mdomo. Jioni kabla sijaweka mkoba chini namwambia tena. Jana alinikasirikia: "Wewe si daktari! Na hujaosha mikono!"

Ni kweli sikuwa nimeosha. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu kidato cha kwanza, na sasa jibu lake liko ndani ya ufizi ule mdogo. Ulituacha likizo ya Agosti mwaka jana kabla sijakwambia. Nimejaribu kulisema kanisani kwa kimya, haikutosha. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka siku uliyokuja hapa kwetu Kiamunyi, Nakuru, kumwona Cherop akiwa na siku chache? Wewe ndiye uliyempa jina, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Ulimpakata, ukamwangalia weee, halafu ukaniita mimi. Ulinishika kidevu ukanigeuza kuelekea dirishani. "Cheka," ukasema. Nikacheka. Ukamgeukia Mama: "Huyu tulimwachia Nakuru. Huyu mwingine, hapana."

Sote tulijua ulichokiona. Maji ya kisima tunachotumia huku yana floraidi nyingi, na mtoto anayekua akiyanywa, meno yake ya ukubwani hutoka na madoa ya kahawia. Yangu yana rangi ya chai isiyo na maziwa. Darasa la sita waliniita Strungi, jina la chai hiyo. Nilijifunza kucheka nikiwa nimefunga mdomo, na hadi leo kwenye picha zote za shule naonekana kama mtu aliyenuna.

Basi kuanzia hapo, kila Ijumaa, pikapu ya viazi ya jirani yako iliteremka kutoka Olenguruone ikiwa na mtungi wetu wa manjano, umejaa maji ya mvua ya paa lako, na kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili usivuje. "Mama Cherop, mvua yako imefika," dereva alikuwa akipiga kelele kutoka barabarani. "Sisi wengine tunangoja ya Mungu, wewe unaletewa!" Majirani walicheka. Mama alicheka pia, lakini maji yale aliyafungia kabatini. Yalikuwa ya Cherop peke yake, ya kunywa na ya uji. Mimi niliruhusiwa kifuniko kimoja tu. Yalikuwa na ladha ya mabati na moshi kidogo, na niliamini kwamba hiyo ndiyo ladha ya mawingu.

Cherop alipofika miaka mitatu, mimi niliingia kidato cha kwanza. Kemia ilinipendeza kuliko masomo yote. Siku moja mwalimu alitufundisha habari za asidi. Alisema iko kwenye limau, iko tumboni, iko kwenye betri ya gari. Kisha akasema kwamba hata mvua ina asidi, na kwamba moshi wa viwanda huizidisha hadi ikala mabati na kuchubua mawe. Hapo kengele ikalia. Niliandika "MVUA INA ASIDI" nikapiga mistari miwili chini yake kwa rula. Nilitoka darasani na nusu ya somo, Kogo, nikaenda nayo nyumbani kama iliyokamilika.

Jioni hiyo ulipiga simu kumsalimu Mama, nami nikaomba simu. Nilikueleza yote kwa sauti ya mwalimu. Wewe asidi uliyoijua ilikuwa ya tumbo lako, ile iliyokufanya ukatae maharagwe, na ile ya shamba. Nilikuwepo siku afisa wa kilimo alipokwambia udongo wako una asidi, ukamuuliza, "Kwani udongo pia unapata vidonda vya tumbo?" Alicheka hadi akafuta macho. Alikwambia uweke chokaa, na kama chokaa imekosa, majivu ya jikoni yanasaidia kidogo. "Majivu hata wewe naweza kukupatia," ulimjibu.

Lakini siku ya simu hukufanya mzaha. Uliuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mimi nimekuwa nikimpatia mtoto asidi?"

Nami nikasema, "Ndiyo, Kogo."

Hiyo "ndiyo" huniamsha.

Ijumaa iliyofuata mtungi ulikuja kama kawaida. Mama alipoumimina kwenye sufuria, maji ya mwisho yakatoka ya kijivu, na unga laini ukatulia chini. "Ai! Hii maji iko na nini?" alisema. "Kwani huu mtungi ulibeba simiti?" Akamwaga yote kwenye maua ya mlangoni. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilijua ni majivu. Nilijua umeutibu mtungi kama ulivyolitibu shamba, kwa sababu yangu. Niliona haya, Kogo, niliona ni mambo ya kizamani, na sikufungua mdomo.

Ukapiga simu Jumapili. "Maji yangu ilifika?"

"Ilifika."

"Iko sawa sasa?"

"Iko sawa kabisa, Kogo."

"Nitume ingine?"

Nikakwambia usisumbuke, tunayo ya kutosha. Mama nikamwambia umesema pipa lako limetoboka. Uongo mara mbili siku moja, na wala sikutetemeka. Cherop akaanza kunywa maji ya kisima kama sisi.

Nusu ya pili ya somo niliipata kidato cha tatu, kwenye maabara. Mwalimu alitutaka tulete vitu vya nyumbani tuvipime kwa kiashiria, ile dawa inayobadilika rangi. Mwenzangu alileta soda, mwingine limau. Mimi nilileta mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu chako, na maji ya mvua niliyokinga kwenye bakuli. Mursik ikageuka rangi ya chungwa. Maji ya mvua yalibadilika kidogo tu, hata ikabidi niyasogeze karibu na dirisha. Mwalimu akasema mvua yote duniani iko hivyo, inaokota hewa ile ile tunayoitoa tukipumua. Huku kwetu haina la kumdhuru mtoto. Maziwa yale niliyokuwa nikinywa nyumbani kwako vikombe viwili viwili yalikuwa na asidi nyingi kuliko mvua yako, na yalinilea.

Halafu kijana mmoja akatia majivu kidogo kwenye maji, na kiashiria kikageuka samawati. "Majivu hupunguza asidi," mwalimu akasema, na darasa zima likaandika. Mimi sikuandika. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba hadi kipindi kikaisha.

Niliamua nitakwambia uso kwa uso, likizo ya Agosti. Sikutaka kulisema kwa simu, kwa sababu simu ndiyo iliyoliharibu. Nilifika Olenguruone likizo hiyo, lakini kwa mazishi yako.

Mvua ilianza wakati wa sala. Watu walitaka kukimbilia turubai, na mwanamke mmoja akasema, "Msikimbie, hii ni baraka, anapokelewa." Wote wakasimama. Matone yalinigonga kichwani na nikafikiri, ni haya haya. Haya ndiyo niliyoyasingizia.

Baadaye nilienda nyuma ya jiko kutafuta maji ya kunawa. Kwenye pipa lako, chini ya mfereji wa paa, kulikuwa na kifuko cha kitambaa cheupe kimening'inia kwa kamba hadi ndani ya maji. Nilikivuta. Kilikuwa na majivu, yamechungwa vizuri kuliko unga wa ngano. Mama Mdogo akanikuta nimekishika.

"Hiyo ni dawa ya mvua," akasema. "Tulimcheka sana. Tukamwambia, Mama, kwani mvua imeugua? Akasema, nyinyi chekeni, mjukuu wangu amesoma. Siku watakayoitisha maji ya mtoto, yatakuwa tayari."

Nilikiweka kile kifuko mfukoni mwa sweta kikiwa kibichi. Sikumwambia mtu yeyote. Ulingoja tuitishe, Kogo. Zaidi ya miaka miwili ulikuwa ukibadilisha majivu, na sisi hatukuitisha.

Jino la Cherop lilipong'oka ndipo nilipoona siwezi tena kukaa na neno hili. Jumapili iliyopita Mama alikuwa akimenya viazi. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kama mtu anayesoma risala, kwa sababu nilijua nikiketi nitaacha katikati. Kisu kilisimama kwenye kiazi. Nilingoja anipige au anifukuze.

"Kumbe yalikuwa majivu," alisema hatimaye. "Mama yangu alimchujia mtoto wangu majivu, na mimi nikamwagia maua." Akajifunika uso kwa leso. Sijui alilia kwa sababu yako au yangu. Alipoondoa leso aliniambia, "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mkubwa, na sikumpigia kumuuliza." Halafu akanikabidhi kisu: "Maliza hivi viazi. Mimi naenda kumtafuta fundi wa mifereji."

Fundi alikuja juzi. Sasa tuna mfereji na pipa jeusi chini yake. Nilichemsha kile kifuko chako, nikakianika, nikakifunga kwenye mdomo wa mfereji kichuje takataka za paani. Hakina majivu tena. Mvua yako haikuwa mgonjwa. Jana alasiri ilinyesha, na Cherop alisimama na kikombe akipiga kelele, "Ya kwangu! Hii ni ya kwangu!" Mama akamwambia asubiri paa lioshwe kwanza. Hakusubiri.

Nilimuuliza tabibu wa meno aliyetutembelea shuleni. Alisema jino la mbele huanza kujengwa ndani ya ufizi mtoto akiwa mchanga, na ncha yake hutangulia. Sehemu ya juu hufuata polepole, mwaka kwa mwaka. Kinachotokea ufizini leo kiliamuliwa zamani.

Leo asubuhi ncha imetoka, Kogo. Nilimpeleka Cherop mlangoni kwenye mwanga, nikamshika kidevu kama ulivyonishika mimi. Ni nyeupe. Ni kijisehemu kidogo kama ukingo wa punje ya mchele, lakini ni nyeupe, na hiyo ni mitungi yako yote, Ijumaa zako zote.

Sehemu inayofuata ni ile iliyojengwa baada ya simu yangu. Itashuka kidogo kidogo, na nitaiangalia kila siku hata akinifokea. Labda itakuwa safi. Ikitoka na doa, nitamketisha nimweleze limetoka wapi, nitamwambia ni langu wala si lako. Na ili asijifunze kujificha, nitaanza mimi. Leo alipoona nafuta machozi aliuliza, "Ni mbaya?" Nikamwambia ni nzuri sana, na nikacheka mdomo ukiwa wazi, meno yangu yote nje.

Akaniangalia kwa makini, kisha akasema, "Kumbe wewe uko na meno mengi hivyo?"

Pumzika, Kogo. Maji yako yalikuwa sawa tangu mtungi wa kwanza.

Mjukuu wako mkubwa,
dada yake Cherop.