Ametoka Saa Kumi na Moja na Dakika Arobaini

Jumatano, 12 Machi

Wageni ishirini kamili. Wa ishirini na moja nimemrudisha getini, kanitukana mpaka mama yangu. Sheria ni ishirini kwa siku, korongo nalo lipumue. Sikuitunga mimi!

Wa mwisho kuingia ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia. Jamani, huyu! Kasoma ubao wa masharti wote kwa kidole. Kakaa kwenye benchi langu akasugua soli za viatu kwa brashi kabla sijamwambia, asije akatuletea mbegu za magugu ya kwao. Sabuni kaiacha mezani mwenyewe, isije ikaingia mtoni. Kauliza mtu akibanwa ajisaidie hatua ngapi kutoka mtoni. Sabini, nikamwambia. Akasema atahesabu mia, maana hatua zake siku hizi ni fupi. Halafu: "Binti, beji yako umeipindua." Nilimchukia hapo hapo. Nikampa mfuko wa taka namba ishirini, nikamwambia kila alichoingia nacho arudi nacho. Hata maganda ya mayai? Hata hayo, mzee. Na ukiwa peke yako, mwisho kona ya pili ya mto. Kaitikia kama mwanafunzi.

Saa kumi mawingu yamejaa milimani. Saa kumi na moja mvua — si mvua, ni ndoo! Watu wametoka mbio, wengine hata kalamu hawakuigusa. Saa kumi na mbili daftari la wageni lina mapengo matatu upande wa kutoka. Nimechungulia maegesho, hakuna gari hata moja. Basi nimewajazia. Sote tunawajazia. Mkuu wetu wa walinzi ndiye aliyetufundisha, tangu mwaka ule tulipomtafuta mtu kutwa nzima, kumbe yuko kwao amelala. Maegesho matupu, watu wametoka, funga daftari. Mzee nimempa saa kumi na moja na dakika arobaini. Saini yake nimeiiga vizuri, na ule mkia wake mrefu.

Nimelowa chapachapa. Nalala.

Alhamisi, 13 Machi

Mto umepanda. Rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo. Mkuu kafunga njia zote za kushuka.

Nimehesabu mifuko ya taka. Kumi na tisa. Namba ishirini haupo. Yaani yule mzee na masharti yake yote kaondoka na mfuko wetu! Wanaojifanya malaika ndio hao hao. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Mkewe kaja.

Mama mfupi, mkoba kaukumbatia kama mtoto. Tangu Jumatatu alikuwa kwa dada yake anayeumwa. Karudi jana, kakuta kitanda kimetandikwa na kikaratasi mezani: nimekwenda korongoni, Jumatano jioni nitakuwa nyumbani. Simu haipatikani. Mkuu kafungua daftari, kamgeuzia. Mama, mumeo ametoka, saa hii hapa, saini hii hapa, huku kwetu hayupo. Kasema kwa upole.

Mama akanigeukia mimi.

"Mwanangu, ulimwona akitoka?"

"Nilimwona, mama."

Ulimi huu! Hata sikufikiri. Akanishukuru, akaenda polisi.

Mchana nimekaa kwenye benchi, ndipo nikakumbuka. Alikaa hapa hapa na brashi yake, akaniambia basi limemshusha njia panda, amekuja kwa miguu. Kwa miguu! Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilikuwa natafuta maegeshoni gari la mtu asiye na gari.

Na mfuko hakuuiba. Anao huko aliko.



Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia mume wangu. Akaacha kula. Nyamaza, akasema. Mvua ile? Huyo amekwisha zamani, ukisema hatafufuka, na wewe utafungwa. Nikamuuliza, na kama hajafa? Kama amevunjika mguu yuko juu ya mwamba anangoja aitwe, na hakuna anayemwita? Kachukua kofia katoka.

Sokoni wanasema mzee ana nyumba ndogo. Polisi nao wamelidaka hilo, wanapita kwa majirani wakiuliza habari za wanawake. Mtu aliyehesabu hatua mia! Muuza nyanya alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu. Nimemrushia nyanya zake mwenyewe. Mtu mzima mimi. Watu wakanishika, nikalia njia nzima mpaka nyumbani.

Mto unashuka. Mtu mwenye miguu mizima angeweza kuvuka sasa.

Sikumwambia mtu mwingine. Siku nzima nilikuwa na nafasi, sikumwambia.

Jumapili, 16 Machi

Alfajiri nimemgongea Mkuu kwake. Kanisikiliza amesimama mlangoni na mswaki mkononi. Swali lake la kwanza: umemwambia nani? Kumbe ameshawaandikia polisi barua, kwa mkono wake, kwamba mgeni alitoka salama na mlinzi wa geti alimwona. Mlinzi wa geti ni mimi. Akasema tutulie, tutapeleka doria ya kawaida, tukimkuta tumemkuta. Lini? Jumatano. Jumatano! Nikamwita shetani. Njiani nikajiuliza mimi ni nani wa kumwita mtu shetani.

Getini nikamkuta mama. Kaja na basi la kwanza. Anataka kuiona saini tena, mawifi zake wanamcheka, wanasema kakimbiwa. Nikamfungulia daftari. Kavaa miwani. Kidole kikatembea, kikasimama.

"Ni yake," akasema. "Huu mkia anauvuta hivi tangu siku tuliyoandikishwa ndoa."

Akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Basi yuko hai! Kama yuko kwa mwanamke, akae huko huko, ale ashibe, maadamu yuko hai. Akanikumbatia. Nikasema pale pale, kichwa changu begani kwake. Mama, hii nimeiandika mimi. Hakusikia, au hakutaka kusikia. Akanipigapiga mgongoni: "Ni yake, mwanangu. Mimi namjua."

Nikachukua kalamu. Nikaiandika tena pembeni, mbele yake, na mkia wake.

Akaitazama ile. Akaitazama hii. Akavua miwani.

Nikaingia kibandani nikashika redio, nikawaita walinzi wote kwa pamoja, nikasema jina langu kwanza, halafu nikasema yote. Mkuu akaanza kunifokea humo humo redioni, wote wakisikia, kisha akakata. Baada ya nusu saa nikamwona anakuja na kamba begani. Hakuniangalia. Wameshuka saba, na machela.

Sasa saa tisa. Naandika kibandani, redio mbele yangu. Mume wangu kaja mara moja, kaleta chakula, kaondoka nacho. Mama yuko nje kwenye benchi. Hajanitukana. Laiti angenitukana! Kaniuliza jambo moja tu, mumewe alibeba chakula gani. Mayai, nikasema, kingine sikuona. Akahesabu kwa vidole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, leo. Akafumba mkono. Alikuwa nayo dawa ya presha, akasema, ya siku moja.

Nimempelekea maji. Hakuyagusa.

Redio imeita sasa hivi. Wako chini ya kona ya pili. Wanasikia jiwe likigongwa juu ya jiwe, ng'ambo ya mto, kama kwa mpigo — au ni maji yanasukuma mawe, hawana hakika. Wanatafuta pa kuvukia. Nimetoka nikamweleza mama vile vile, na ile "hawana hakika" sikuiacha.

Akaniangalia sana.

"Na hili umelisikia," akasema, "au umelijaza?"

Nimempa redio yenyewe. Ameishika kwa mikono miwili, ameiweka sikioni. Inakwaruza tu.