Mota ya Bukene na Ovaroli la Shangazi

Ng'ambo,
Tabora.
14 Septemba, 2025.

Mpendwa Shangazi Apolinaria,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umetoka zamu salama, umeshaoga, vumbi la mgodi limekutoka hadi masikioni. Mgongo unaendeleaje? Ule mto niliokushonea bado unaukalia kwenye lile gari lako, au wenzako wameshakunyang'anya? Sisi huku hatujambo. Jua ni kali na maji ya kisima yameshuka, ila tunaamka wazima.

Damas anatembea sasa. Nilimwonyesha ile picha uliyosimama kando ya gurudumu lililokuzidi urefu, nikamwambia huyu ni bibi yako. Tangu siku hiyo kila lori likipita anaita "Bibi, Bibi." Madereva wa Tabora wote, pamoja na wenye ndevu, wamekuwa bibi zake.

Ningekupigia simu, lakini unaijua simu ya nyumba hii. Mama mkwe hasikii vizuri, kwa hiyo anayepiga huwekwa spika, na jambo langu nataka ulisikie wewe peke yako. Ndiyo maana nimempa barua jirani yetu Lukumani, kondakta wa basi la Geita.

Jambo lenyewe ni hili, Shangazi. Nimepata mahali pa kujifunza kusuka mota, na sijui kama nitaachwa nijifunze mpaka mwisho.

Ilianza kwa vikapu. Nilimpelekea Mama Nurbanu, yule mama wa Kihindi anayeninunulia agaseke zangu, vile vikapu vya kwetu vyenye vifuniko. Mume wake, Mzee Fakhrudin, ana karakana nyuma ya duka. Wanamletea mota za mashine za kusaga na pampu za maji zilizoungua, naye anatoa waya wa zamani na kuweka mpya. Siku hiyo fundi wake alikuwa amehamia Isaka. Mzee alikuwa peke yake, miwani imeshuka puani, anahangaika kupitisha waya kwenye mifereji ya chuma. Nikasimama mlangoni na mtoto mgongoni nikiangalia. Akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia sijapotea, nataka kujua kwa nini waya umelala juu ya mwenzake na haupigi shoti. Alinitazama, kisha akanipa kipande cha waya nikikwangue kwa kisu. Kumbe ile shaba imepakwa ngozi nyembamba kama ya kitunguu, huioni mpaka uikwangue.

Shangazi, usiku ule nilikaa nawaza ngozi ile. Tumekula ugali miaka yote na sikuwahi kujiuliza kinachozungusha lile jiwe la mashine ya kusaga ni nini. Wewe ulishajiuliza kinachoinua mgongo wa gari lako mpaka likamwaga mawe? Ulimwuliza nani, na hakukucheka?

Basi nikawa nakwenda. Mama Nurbanu anakaa na Damas, anamlisha biskuti zilizochovywa kwenye chai, mtoto amenenepa kuliko mimi. Mzee akaniambia vidole vyangu vinafaa, vimeshazoea kazi nyembamba. Akanipa mota ya mtu wa Bukene, mwenye mashine ya kusaga, niipange mwenyewe yeye akiwa na wateja wa pampu.

Unakumbuka bibi alivyotufundisha kusuka. Mkono unakwenda kulia tu, haurudi. Kikapu kilichorudishwa mkono alikifumua mbele ya watu, hata kama umebakiza kifuniko. Wewe alikufumulia, na mimi alinifumulia. Sasa mimi nikaipanga ile mota hivyo hivyo, fungu la waya baada ya fungu, kulia tu, vizuri mpaka nikajisifu. Mzee akaiunga kwenye umeme. Ikanguruma, ikatetemeka kwenye meza kama kuku anayechinjwa, haikuzunguka hata kidogo. Ikaanza kunuka. Mzee akaruka kwenye swichi, na umri ule.

Nilijua nafukuzwa. Akafungua, akaangalia, akauliza, "Nani alikufundisha kwenda upande mmoja?" Nikasema bibi yangu. Akasema, "Bibi yako hakuwa na umeme." Kisha akanieleza kwamba fungu moja likienda kulia, linalofuata lazima lirudi kushoto, ndipo moja livute na jingine lisukume. Yakienda upande mmoja yote, mota haijui iende wapi.

Nikafumua mwenyewe. Kusuka upya ndiko kulikonipa tabu, maana kila nikifika mahali pa kurudi, mkono ulikataa, kana kwamba bibi amesimama nyuma yangu. Lakini ilipowashwa mara ya pili ilizunguka, Shangazi, kimya kabisa, upepo wake ukanipiga usoni. Mtu wa Bukene alikuja akaipakia kwenye treni. Hajui kama aliyeisuka ni mama Damas.

Nilitaka kukuuliza hilo pia. Ulipoingia kwenye lile gari mara ya kwanza, kulikuwa na kitu cha nyumbani ambacho mwili wako uliking'ang'ania? Ulikiachaje?

Sasa sikia upande wa pili. Mume wangu Prosperi amekwenda Ulyankulu kuandaa kitalu cha tumbaku, na mvua zikianza ananitaka huko kuhamisha miche, mimi na mtoto. Si mtu mbaya, unamjua. Nilipomweleza alicheka, akauliza, "Ukipigwa na umeme, nani atamnyonyesha Damas? Mimi?" Nikamwambia Damas anataka biskuti tu siku hizi. Hakucheka tena. Mama mkwe anasema kazi ya mikono michafu ni ya wanaume, nikamuuliza tumbaku inasafisha mikono ya nani. Jioni hiyo alijipakulia chakula mwenyewe, hakuningoja nimpakulie.

Mzee Fakhrudin naye anataka jibu kabla ya mvua. Anasema njia hii zamani watu walipita na nguo na pembe za ndovu, leo wanapita na pampu zilizoungua, kazi haitaisha. Nikikaa naye mwaka mzima, nitaweza kwenda chuo cha ufundi wanipime hivi hivi nilivyojifunzia kazini, nipate cheti, ingawa niliishia darasa la saba. Yule fundi aliyehamia Isaka hakusoma zaidi yangu, na amemjengea mama yake. Lakini nikienda shambani Mzee atachukua mtu mwingine, na simlaumu, ana wateja.

Wewe pia uliishia la saba, Shangazi. Bati lililo juu ya kichwa cha baba limetoka kwenye usukani wako. Watu walipokusema, ulikuwa unalia njiani, au chumbani? Au hukulia? Nataka kujua ukweli, usinionee huruma.

Nimewaza sana nikuombe nini. Sikutaka ubishane na Prosperi kwenye spika, mtaa mzima usikie. Yeye anakuheshimu kuliko mzee yeyote wa ukoo wake, tangu ulipomfundisha kugeuza trekta siku ya harusi yetu. Kwa hiyo ninaomba hivi. Ukiona sifai, niambie kwa maneno, nitayapokea. Ukiona ninafaa, usiandike hata mstari. Mpe Lukumani ovaroli lako moja la zamani, lile lenye mistari inayong'aa, nitapunguza mikono na miguu. Nitalifua, nitalianika kwenye kamba ya mbele, pale Prosperi anapopita akirudi kutoka Ulyankulu. Atalijua ni la nani kabla hajafika mlangoni.

Nisalimie binamu Erasmus na mkewe, na yule mama mwenzako wa zamu unayemsifu. Baba anakusalimu, mama naye, na mama mkwe pia, bila kujua ninakuandikia nini. Mungu akulinde kwenye kila mteremko wa mgodi huo, na breki zako zisikuangushe.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Koleta Irankunda

Ninamsubiri Lukumani stendi kila basi likirudi. Damas ninakwenda naye, na kila lori ataliita "Bibi."