Leseni Imebaki Endebess

Dada Nekesa,

Hujambo huko Bumula? Sisi tumefika Amerika, lakini mume wangu amenichosha. Mwaka mzima amepanga hii safari ya kuvuka nchi kwa gari, ramani akaichora mpaka ikatoboka. Leo kwa ofisi ya kukodisha magari, karani akaitisha leseni. Mzee akapapasa mifuko yote. "Nimeiacha kwa koti ya kanisa, huko nyumbani Endebess," akasema.

Kwa hivyo dereva ni mimi niliyekuja na leseni yangu, niliyezoea kuendesha gari kupeleka maziwa Kitale tu, na huku magari yanapita kulia. Yeye anakaa kando akiniamuru: "Si upunguze mwendo, Mama Wekesa." Nikasimamisha gari, nikamwambia achague kunyamaza ama kutembea. Amenyamaza.

Niombee, dadangu, na ukumbatie watoto wote.

Nafula