Raba ya Pedeli ya Kushoto

Mpendwa Baba,

Baiskeli yako iko. Nimeanza na hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeuliza kwanza, kabla ya mahindi, kabla hata ya kuniuliza mimi, na sikasiriki. Imeegemea ukuta wa jikoni, magurudumu yote mawili yako na upepo. Nimeipanguza mimi.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Mambo mazito ulikuwa unaniambia kwa Kikamba, lakini Kikamba sijazoea kukiandika, na Kiingereza cha shule kinanifanya nijifanye mtu ambaye si mimi. Barua yenyewe sitaifunga. Mwenye kutaka asome, maana kuna watu wengi walio na baba, ama babu, ama shangazi anayependa baiskeli za zamani, na kila Desemba hawajui wampe nini. Hata sisi nyumbani hatukujua.

Unakumbuka Krismasi ile Mama alikununulia glavu, na mimi nikakupa taa ya betri ya kumetameta rangi tatu? Ulishukuru sana. Jioni hiyo hiyo, taa ikawa inamulika banda la kuku. Nilikuwa naiangalia kutoka mlangoni, na uliniona. Ukaniita ukiwa unapaka cheni mafuta, ukasema, "Mwende, mtu wa baiskeli ya zamani kama hii Blaki Mamba yangu humpi kitu kipya. Unampa kile baiskeli yake inamwombea."

"Baiskeli inaomba?"

"Kila siku. Ni watu hawaisikii."

Kesho yake ukaenda soko la Kola kukutana na wenzako wa baiskeli, ukarudi ukiimba, ukatuonyesha bolti moja iliyofungwa chini ya kiti. Mama alikutazama juu mpaka chini.

"Mutua, yaani umepewa msumari na unacheka hivyo?"

"Si msumari. Hii ni bolti ya kiti, mama. Ya kweli!"

"Na hiyo ya uongo imekubeba miaka yote hii?"

Nilicheka hadi nikatoka nje. Nilikuwa mdogo, lakini siku hiyo ndiyo nilianza kuielewa sheria yenu. Mwezi wa kumi na moja kofia yenye majina yenu inapita nyumba kwa nyumba, kila mtu anachomoa jina. Zawadi haitoki dukani. Itolewe kwenye baiskeli nyingine kuukuu, ama uitengeneze kwa mkono wako. Siku inayofuata Krismasi mnakutana soko la Kola, na anayetoa zawadi anaifunga yeye mwenyewe kwenye baiskeli ya mwenzake, mbele ya wote, na anasema kwa nini amechagua hiyo. Ndio mnapanda mnashika lami kwenda Machakos, mmejipanga kama maandamano ya kanisa, na watu wanatoka madukani kuwaangalia. Wewe ulikuwa unakaa wima kuliko wote. Sijawahi kukwambia, lakini nilikuwa nawaonyesha wasichana wa darasa letu kwa kidole kidogo tu, chini chini: yule ni Babangu.

Basi ulipoaga dunia mwezi wa tano, baiskeli ikabaki pale. Hakuna aliyeigusa. Ndipo Ankoo Muli, ndugu yako, akaja na wazo. Unajua vile hoteli yake ya nyama mjini inapenda mambo ya kupendeza. Alitaka kuipulizia rangi ya dhahabu, aitundike ukutani, na kwenye keria, nyuma ya kiti, aweke kikapu cha maua ya plastiki. "Wateja watapiga picha nayo," alisema. "Mutua atakuwa kwa simu za watu Kenya nzima." Hakuwa na ubaya, Baba. Alikuwa anakulilia kwa njia yake. Lakini mimi niliona dhahabu ikiingia kwenye kila nati uliyoisugua.

Nilitaka kukataa. Sauti haikutoka. Unajua nilivyo: mtu akiniangalia usoni, maneno yote hukimbia, nabaki nikiangalia viatu vyake. Mama aliniona nikifungua mdomo na kuufunga. Akasema, "Muli, ngoja mpaka Krismasi. Mwende akipanda hii baiskeli aende Kola, ampe mtu zawadi yake na aongee mbele ya watu kama babake, itakaa hapa. Asipoweza, uichukue. Siwezi kuangalia kitu kikiliwa na kutu kwa sababu sisi tuna huzuni."

Ankoo akanigonga bega kwa upole. Nilijua anawaza rangi.

Kofia ililetwa na Mzee Kyalo, rafiki yako wa utani, yule ambaye baiskeli yake haina kengele na anapiga kengele kwa mdomo. Tulimsikia kabla hajafika getini: "Ngiling'i! Ngiling'i! Mbuzi wa watu, ondokeni njiani!" Alipoketi akawa mpole. Akaniambia, "Haya, mwiitu wa Mutua, binti wa rafiki yangu, chomoa." Nikachomoa. Lilikuwa jina lake yeye mwenyewe.

Kila mtu angesema kengele. Mama alisema kengele. Hata mimi niliwaza kengele, nikaenda hadi kwa fundi wa sokoni kuulizia ya zamani. Halafu nikakumbuka ulivyosimulia kwamba aliwahi kupewa moja nzuri sana, akaifunga siku hiyo, na kesho yake akaifungua akampa mjukuu wake achezee. Mzee Kyalo hana haja ya kengele. Mzee Kyalo ndiye kengele.

Sasa nikuungamie kitu. Jibu nililipata kanisani, wakati wa kipaimara cha watoto wa jirani, na sikuwa nasali. Tulikuwa tumepiga magoti. Mzee Kyalo alikuwa mbele yetu, na kwa vile mimi huangalia viatu, niliangalia viatu. Soli ya kulia ilikuwa sawa. Ya kushoto ilikuwa na mfereji katikati, umechimbika kabisa, kama ya mtu aliyekanyaga ncha ya jembe miaka na miaka. Padri akasema tusimame, nikabaki magotini. Mama akanivuta sikio.

Tulipotoka nilienda moja kwa moja kwa baiskeli yake pale chini ya ukuta. Pedeli ya kulia ilikuwa na raba zake mbili nene. Ya kushoto ilikuwa chuma kitupu. Raba zilikwisha zamani, na mzee wa watu alikuwa anakanyaga chuma kutoka kwake mpaka Machakos na kurudi. Nikasikia sauti yako. Inaomba kila siku.

Kupata pedeli yenyewe haikuwa rahisi. Kola hakuna, Machakos mjini zote ni za plastiki. Mwishowe nikaandamana na Mama kwenda Kinanie kumwona dada yake, kwa sababu karibu na pale kuna yadi ya vyuma chakavu. Mama aliniacha langoni makusudi. "Ingia. Mimi nitakuwa hapa kwa kivuli."

Kijana wa yadi alikuwa anatafuna miwa.

"Niaje, msupa," akanisalimu. "Unatafuta nini, mrembo?"

"Pedeli," nikaambia viatu vyake.

"Ziko kibao. Cheki hizi, alumini, bado ziko fiti."

"Sio hizo. Za Blaki Mamba. Za raba. Ya kushoto."

Akaacha kutafuna. "Ya kushoto peke yake? Kwani huyo mtu ana mguu mmoja?"

"Ana miwili. Ni mmoja ndio unaumia."

Alicheka, lakini si kwa kunicheka. Akaingia chini ya rundo la mabati, akatoka akiburuta fremu nzima iliyopinda kama iliyokanyagwa na lori, na pedeli ya kushoto ikiwa salama, ina raba zote mbili. "Mwambie mzee wa mguu mmoja namsalimia," akasema. Nilitoka pale nikiwa na grisi hadi viwikoni, na Mama alinitazama akasema tu, "Umeongea na yeye?" Nikasema ndiyo. Akatembea mbele yangu, lakini niliona mgongo wake unafurahi.

Niliiosha kwa mafuta ya taa, nikatia grisi mpya kwa gololi za ndani, nikasugua kutu kwa kitambaa. Rangi sikupaka. Ulisema kutu ni ya kuzuiwa, si ya kufichwa.

Siku yenyewe nilivaa suruali ya michezo ya shule na sweta yako. Baiskeli yako ni ndefu, unajua. Lakini nilifika soko la Kola nikiwa juu yake. Nilipoingia, wenzako wote waligeuka. Mzee Kyalo alivua kofia. Na kando ya barabara ilikuwa pikapu ya Ankoo Muli, amekuja na kamba, tayari.

Zamu yangu ikafika. Nikainama kwa baiskeli ya Mzee Kyalo nikiwa na spana yako. Pedeli ya zamani ilitoka vizuri, namshukuru Mungu. Lakini nilipoanza kufunga ile nyingine, spana ikaniponyoka ikaanguka, watu wakasema "pole, pole", na Ankoo akaja haraka kunisaidia. "Leta, usiumie bure." Akaiokota, akashika pedeli, akaanza kukaza kama vile mtu hukaza kitu chochote, kuelekea nyuma. Ikagoma. Akaongeza nguvu. Nikasikia chuma kikilia.

"Wacha!"

Baba, ilikuwa sauti yangu. Soko lote lilisikia. Mama mmoja wa maembe aligeuka.

"Ankoo, wacha, utakata nyuzi za kukazia. Pedeli zote mbili hukazwa kuelekea mbele ya baiskeli. Ya kushoto inazunguka kinyume na ya kulia. Baba alinionyesha."

Ankoo akaangalia spana, akaniangalia. Akanirudishia, akainua mikono kama mtu aliyekamatwa, na watu wakacheka, yeye pia. Nikaweka pedeli sawa kwa vidole, polepole, mpaka ikashika yenyewe. Nikakaza kuelekea mbele.

"Sasa sema," mtu akaniambia. "Kwa nini hiyo?"

Nilikuwa nimeandika maneno kwa Kiingereza, mazuri sana, nikayakariri wiki nzima. Hayakuja hata moja. Nikasema, "Nimekuletea hii, Mzee, kwa sababu kiatu chako cha kushoto kinaisha katikati."

Mzee Kyalo akainua mguu, akashika bega la jirani asianguke, akatazama soli yake. Akaitazama tena.

"Aiya! Na vile nimegombana na fundi wa viatu!"

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Lakini yeye aliacha kucheka mapema. Akapanda, akazunguka soko mara moja, akikanyaga kwa mguu wa kushoto kama mtu anayejaribu godoro. Aliporudi macho yake yalikuwa na maji. Akanishukuru, "Muvea muno, mwiitu wa Mutua." Na safari hii, Baba, nilimwangalia usoni, na nilikuwa na raha kuliko ya kitu chochote nilichowahi kupata shuleni. Si kwa sababu yangu tu. Ni kwa sababu kila mtu pale aliona kitu ulichokuwa umeniachia ambacho hakuna mtu angeweza kupakia kwa pikapu.

Mama akaenda kwa Ankoo. "Muli, ile kamba yako funga nyama." Na Ankoo akasema sawa, shemeji, na akatufuata na pikapu polepole mpaka Machakos, ametoa mkono dirishani, akiwaambia waliosimama kando ya njia: huyo wa mbele ni mtoto wa ndugu yangu.

Jioni tulirudi hadi Kola, wenzako wakatawanyika. Mama alikuwa ananingoja sokoni. Nikadhani tutatembea nikisukuma. Akafunga leso vizuri, akashika keria, akakaa upande kama msichana. "Twende."

Nilimbeba, Baba. Mpaka pale mlima unapoanza, miguu ikakataa, nikashuka nikiona haya. Mama akashuka pia, akashika keria asukume kwa nyuma.

"Usijali," akasema. "Babako alikuwa anashuka hapa hapa tukiwa wachumba. Alikuwa ananiambia anashuka kwa heshima, ati bibi harusi hapandishwi mlima kwenye keria. Na mimi nikamwamini, nikaolewa. Kumbe pumzi ndiyo ilikuwa imeisha."

Tulicheka katikati ya barabara, sisi wawili na baiskeli yako, mpaka akalazimika kujifuta macho na leso. Halafu tukasukuma.

Lala salama, Baba. Tuko sawa.

Ni mimi, binti yako, niliye na grisi chini ya kucha.