Sikio Moja Linanitosha

Nyumbani kwa Mama Magreth,
Ikungi, Singida.
15 Juni 2025

Mpendwa shangazi Felista,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko milimani Same? Mimi nipo. Nimechoka, ila ninakula na ninalala. Alizeti imeiva, magunia yanaingia kiwandani tangu alfajiri, na mgongo wangu unayajua yote.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nikisema "unasemaje?" mara mbili, unaanza kulia.

Habari za kikao zimenifikia. Eti ukoo umeamua nirudi nikalinde shamba la tangawizi, kwa kuwa nimekuwa kiziwi na ninashinda nikicheza gemu kama mtoto. Shangazi, nakuheshimu sana, lakini sirudi.

Ni kweli sikio la kushoto limekwisha. Daktari alinipima akaniambia wazi. Miaka sita nimesimama kando ya mashine ya kukamua mafuta, ungetegemea nini? Lakini la kulia ni zima. Najua maneno haya kawaletea binamu Gerald, maana alipita hapa Pasaka akanikuta sebuleni ninachekwa.

Mughwai, mtoto wa Mama Magreth mwenye nyumba wangu, ana kompyuta ya gemu, kiboksi kidogo kama boksi la viatu, kimeunganishwa na televisheni. Jioni tukitoka kazini tunacheza gemu ya kuviziana. Adui humwoni, unasikia nyayo zake kwanza. Mimi nilikuwa sisikii kitu, kila siku nakufa wa kwanza. "Chediel, umeshazikwa tena!" Mughwai anapiga kelele. "Hilo sikio lipeleke likakamuliwe mafuta!" Gerald alicheka mpaka akamwaga chai.

Nilikataa kwamba kosa lote ni la sikio langu. Siku moja nikainamia kile kiboksi, nikakuta kinanguruma kama mashine ya kusaga. Mama Magreth alikuwa amekifunika kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika televisheni, sabufa na hata jagi la maji. Kiboksi kinakosa hewa, feni yake inakimbia hadi inameza sauti nyingine. Na sabufa nayo imezibwa mdomo.

Nikamwomba avitoe vitambaa. "Vitu vyangu vikae uchi sebuleni, wageni waseme nini?" Tulibishana siku mbili. Mwishowe akakubali vitambaa vitandikwe chini ya vitu badala ya juu.

Bado sauti ilikuwa hafifu. Nikafuata waya wa sabufa, kumbe umechomekwa kwenye televisheni ambayo nayo ni kuukuu. Nikauhamishia kwenye kiboksi chenyewe, Mughwai akaenda kwenye mipangilio akachagua sauti itokee hapo. Nikageuza stuli, sikio zima likaelekea sabufa. Shangazi, nyayo zilisikika! Za kwenye majani, za kwenye mabati, kila moja na mlio wake. Hata Mughwai alisogeza kiti karibu asikilize, na yeye ana masikio mawili.

Kiwandani pia nimekataa. Nilimwambia msimamizi sisimami tena kwenye mashine bila vizibo vya masikio. Akanicheka, akaniita bwana mkubwa, akanihamishia nje kupakia mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Ni kazi nzito kuliko ile, lakini sikio langu linapumzika.

Mwambie Gerald kwamba jana nilimkamata Mughwai mara tatu. Sikufichi, kwa sikio moja sijui adui anatokea upande gani. Ninachojua ni kwamba anakuja, basi nageuka huku na huku mpaka nimwone. Kikao kikikaa tena, wasomee hapo.

Nisalimie mama, mjomba Fabiano na Lucy na mtoto wake mchanga. Mungu akupe usingizi wa kutosha na miguu ya kupandia mlima.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na ninayesikia,

Chediel